Utumbo unapoumizwa na mionzi

Mionzi inayoua saratani ya mlango wa kizazi haiishii penye saratani. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, yaani puru, iko nyuma tu ya mlango wa kizazi, nayo hupata sehemu yake ya dozi. Kuharisha kunakotokea wakati wa matibabu huisha baada ya wiki chache. Ugonjwa sugu ni mwingine: huanza miezi kadhaa baadaye, hata miaka.

Chanzo chake ni damu kutofika vizuri. Mionzi huumiza mishipa midogo ya damu, ikaziba polepole. Ukuta wa utumbo hukosa oksijeni, hukakamaa kwa makovu, na juu yake huchipuka vijishipa dhaifu vinavyovuja damu kila choo kinapopita. Mgonjwa hukimbilia chooni mara kwa mara, hutokwa na ute na damu, wengine choo huwaponyoka. Wapo wanaoacha kwenda sokoni au kanisani kwa aibu, na hawamwambii mtu.

Kwa mwanamke wa Ludara, wilayani Koboko, tatizo hili lina uzito wa pekee. Kwa miaka mingi mashine pekee ya mionzi nchini Uganda ilikuwa Mulago, Kampala, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwake. Mashine hiyo ilikufa mwaka 2016, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Mgonjwa hutibiwa huko kwa wiki kadhaa, akarudi nyumbani kupitia Arua, na utumbo unapoanza kuvuja damu yuko mbali na waliomchoma mionzi.

Katika kituo cha afya, damu kwenye choo hudhaniwa kuwa bawasiri, amiba au kichocho cha tumbo, ambacho ni cha kawaida katika eneo hilo la West Nile, kandokando ya mto Nile. Kupima hayo ni sahihi, maana kichocho kina dawa yake, prazikwanteli. Kosa ni kuishia hapo. Inabidi pia kuhakikisha saratani haijarudi, na kipimo cha kamera ndicho kinachoonyesha hali ya utumbo. Daktari huepuka kunyofoa kinyama kwenye ukuta wa mbele wa puru bila sababu nzito: kidonda hapo hupona kwa shida na kinaweza kutoboka hadi ukeni, ikawa fistula.

Dawa inayostahili kujulikana zaidi ni sukralfeti, ile ya vidonda vya tumbo. Gramu 2 huchanganywa na maji kama mililita 20, kisha huingizwa kwa sirinji yenye mpira laini mara mbili kwa siku, mgonjwa akiwa amelala ubavu wa kushoto na kuizuia isitoke mapema. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 1991 uliona enema hiyo ikisaidia kuliko enema ya steroidi pamoja na vidonge vya salfasalazini. Haihitaji mashine, hospitali ya wilaya inaweza kuitoa.

Damu isipokoma, vijishipa huchomwa kwa gesi ya agoni kupitia kamera, au hupakwa formalini ya asilimia 4, kazi ya mikono yenye uzoefu. Chumba cha oksijeni yenye mgandamizo ni ghali, na jaribio la Uingereza la mwaka 2016 halikuona faida yake. Upasuaji huachwa kwa utumbo ulioziba, fistula au damu isiyozuilika, kwa sababu nyama iliyochomwa mionzi hushonwa kwa taabu.

Kuharisha hupunguzwa kwa loperamidi baada ya maambukizi kupimwa, na upungufu wa damu kwa madini ya chuma au kuongezewa damu. Aspirini na dawa za maumivu za jamii yake huzidisha kuvuja, hivyo zisinywewe bila ushauri wa daktari.

Aliyewahi kuchomwa mionzi atunze barua ya matibabu yake na aionyeshe kila aendapo kliniki, hata baada ya miaka 10. Naye mhudumu wa afya, kabla ya kuandika dawa ya bawasiri, amuulize mama: uliwahi kutibiwa kwa mionzi?