Ukuta wa Mashariki: Vivuli katika Picha za Angani za Migodi ya Kolwezi

Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hupita yapata saa nne na nusu asubuhi kwa saa ya jua, na kwa sababu hiyo vivuli katika picha zake za Kolwezi huelekea magharibi mwaka mzima. Mwezi Juni, jua likiwa kaskazini ya mji huo ulio karibu digrii 11 kusini ya ikweta, ukuta wima wa mita 100 hutupa kivuli cha mita 85 hivi. Desemba, jua likiwa limehamia kusini na kupanda juu zaidi, kivuli hicho hupungua hadi karibu mita 46.

Jambo hilo lina uzito katika kariere, yaani mashimo ya wazi ya shaba na kobalti, ambayo kuta zake hukatwa kwa ngazi zenye nyuso za mwinuko mkali. Ukuta wa mashariki, unaotazama magharibi, ndio usiopata jua la asubuhi, na hata picha mia za saa ileile zikikusanywa hautaonekana vizuri zaidi. Kuona kuta si anasa: Machi 2016 sehemu ya ukuta wa KOV, mojawapo ya mashimo hayo, iliporomoka na kufukia wafanyakazi.

Kivuli hakikosi mwanga kabisa, kwani hupokea ule uliotawanywa na anga, ambao una buluu nyingi. Ndiyo maana penye kivuli wekundu na miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, hupungua kuliko buluu. Programu hutumia tofauti hiyo kutenga vivuli, lakini maji nayo humeza infraredi, na pembezoni mwa Kolwezi, penye Ziwa Nzilo na mabwawa ya mabaki ya viwanda, kivuli cha wingu la masika huweza kuhesabiwa kuwa bwawa jipya. Njia ya pili ni kukokotoa mahali kivuli kinapopaswa kuangukia kwa kutumia pembe ya jua na umbo la ardhi. Hapo ramani za mwinuko zilizopimwa kwa rada kutoka angani Februari 2000, ambazo bado hutumiwa sana, hupotosha, kwa kuwa mashimo yamechimbwa na vilima vya kifusi vimerundikwa tangu wakati huo.

Kivuli kikishatambuliwa, njia ya kawaida ya kukisahihisha ni kuinua mwangaza wake hadi wastani na mtawanyiko wake ulingane na wa ardhi jirani iliyo juani, kwa kudhani kwamba udongo wa pande zote mbili ni mmoja. Dhana hiyo hufaa shambani. Kwenye ukuta wa mgodi, ambako mwamba wa kijani wa malakiti hupakana na udongo mwekundu, hutoa picha nzuri yenye rangi za kubuni, huku chembechembe za makosa ya kamera zikikuzwa pamoja na mwanga.

Afadhali kupiga picha kwa saa nyingine. Droni ikirushwa saa sita mchana, karibu na tarehe 20 Februari au 21 Oktoba, hukuta jua likiwa utosini mwa Kolwezi na kuta zikiwa karibu hazina kivuli, mawingu yakiruhusu, kwani tarehe zote mbili huangukia msimu wa mvua.