Mbwa Mwoga na Sindano za Kufumia

Wiki hii nazungumzia mambo mawili ambayo wengi wetu hatuyataji pamoja: kufuma masweta kwa mkono, na kuishi nyumba moja na mbwa aliyeokotwa barabarani. Nayaunganisha kwa sababu yote mawili nayafanya katika sebule moja hapa Arusha, na kwa sababu moja linalisaidia jingine kwa namna ambayo mtu anayefikiria kumchukua mbwa koko angefaidika kuijua.

Tuanze na mbwa. Aliyekulia jalalani anajua mambo mawili kuhusu binadamu: kwamba anatupa makombo na kwamba anatupa mawe. Na sisi hatumfichi tunavyomwona. Kumwita mtu mbwa ni kutafuta ugomvi. Ukimwingiza mbwa wa namna hiyo nyumbani, siku za kwanza hatakuramba mikono. Atajibanza nyuma ya kochi, mkia katikati ya miguu, na hatakula mpaka mmelala. Hapo ndipo watu wema wanapoharibu. Wanamfuata, wanamwinamia, wanamkodolea macho, wanampapasa utosini. Kwa mbwa, kukaziwa macho ni kutishwa, na mkono unaoshuka kutoka juu ni mkono wa mtu anayepiga.

Anachohitaji ni mtu aliyekaa mahali pamoja, kimya, amempa ubavu, macho yako kwenye shughuli nyingine, na saa ile ile kila jioni. Sasa nani anayekaa hivyo kama si mfumaji? Unahesabu vitanzi, huna nafasi ya kumtazama mtu. Mikono inacheza lakini haiendi popote. Jike nililonalo sasa, la rangi ya udongo, lilichukua wiki tatu kutoka nyuma ya kochi hadi kwenye mkeka. Nilikuwa nimemaliza mgongo mzima wa sweta na mkono mmoja, ndipo lilipoweka kidevu juu ya kiatu changu. Sikuligusa. Nilimaliza mstari.

Kwa wasiofuma, nieleze kidogo. Kanga ni nyuzi nyingi zilizopishana, za wima na za ulalo. Sweta la mkono kimsingi ni uzi unaopindwa kuwa kitanzi, kitanzi kikapitishwa ndani ya kitanzi cha mstari wa chini, maelfu kwa maelfu. Ndiyo maana sweta huvutika na kanga haivutiki: kila kitanzi kina nafasi ya kulegea. Ndiyo maana pia hutunza joto, kwani hewa hunaswa humo. Na ndiyo maana ukivuta ncha ya mwisho, kazi ya mwezi mzima hufumuka jioni moja.

Uzi mwingi wa madukani si sufu ya kondoo bali ni akriliki, jamaa wa plastiki. Bei yake ni nafuu na hausumbui kufua. Sufu halisi ina magamba madogo mno kwenye kila unywele. Ukiipikicha katika maji ya moto magamba hushikana, na sweta la baba likawa la mtoto. Lakini sufu hunyonya unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi ubichi, na haishiki moto upesi. Akriliki ikishika moto huyeyuka na kugandia kwenye ngozi. Kwa nyumba yenye jiko la mkaa na mbwa anayependa kulala kando yake, hilo si jambo la kupuuza.

Lakini hatari kubwa kwa mbwa ni uzi wenyewe. Akimeza kipande kirefu, ncha moja inaweza kunasa tumboni au chini ya ulimi huku utumbo ukiendelea kusukuma chakula. Utumbo hujikunja kwenye uzi ule kama kiuno cha suruali kwenye kamba yake, na uzi uliokaza hukata nyama taratibu kama msumeno. Dalili zake ni kutapika, kukataa chakula na maumivu ya tumbo. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma na huoni mwisho wake, usiuvute. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kwangu nyuzi na sindano hulala kwenye ndoo yenye mfuniko, na vipande ninavyokata huingia mfukoni, haviangukii sakafuni.

Haya yote yanakuja baada ya chanjo. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza, karibu kila mara ni kifo, na karibu watu wote wanaoupata duniani huupata kwa mbwa. Mbwa anayeng'ata ovyo, anayedondoka mate au aliyebadilika tabia ghafla si wa kuokota. Waarifuni watu wa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha akimbilie hospitali, hata kama jeraha ni dogo. Wanaodhani chanjo ya mbwa ni anasa watazame Pemba. Kwa kuchanja mbwa, ugonjwa huo ulikwisha kisiwani mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje, watu wakachanja upya, na mwaka 2018 ukatokomezwa mara ya pili.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinikuta mwezi wa Julai nimemfumia mbwa fulana. "Shikamoo mama," akaniambia, "watoto wa watu wanatetemeka, wewe unamvalisha mbwa?" Swali lake ni halali. Mbwa mwenye manyoya ya kutosha hahitaji nguo, na juani itamtesa, kwa maana mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema. Yule wangu alikuwa amekwisha manyoya kwa upele na mbavu zinahesabika. Fulana yake ilitokana na mabaki ya masweta matatu ya watoto wa shule, rangi tatu zisizopatana. Ngozi ilipopona niliifumua, uzi ukatumika kwingine. Kijana alicheka, lakini hakuridhika, nami sikumlazimisha.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wafumaji wenye mbwa hatulisemi. Miongoni mwa wateja wangu wamo Waislamu, na kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi hapa kwetu, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu anayenunua sweta ataswali nalo. Kwa hiyo kazi ya kuuza naifumia chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Sebuleni, mbele ya mbwa, nafuma vya nyumbani tu, na mteja akiniuliza namweleza hivyo kabla hajatoa fedha.