Kubadili Matumizi ya Kiwanja

Tangu Bariadi ifanywe makao makuu ya Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, watu hutamani kugeuza nyumba ziwe maduka. Baba yangu mdogo ataka kuweka mashine ya kusaga. Lakini hati ya kiwanja chake yasema makazi tu. Akiiweka kimya kimya atakuwa amevunja sharti, na kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 miliki yake yaweza kufutwa. Basi yampasa kuomba kwanza kwa Halmashauri ya Mji. Ombi hutangazwa, ili mwenye pingamizi aseme. Hapo ndipo penye kazi: bibi jirani hapendi kelele, na mimi naona ana haki ya kusikilizwa. Baba mdogo amekwenda kuzungumza naye kabla ya kupeleka ombi.