Chumba Kimya na Chumba cha Muziki

Sogeeni, na mliovaa hedifoni zivueni kwanza. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina wanafunzi, kompyuta, na mtego uliofichwa ndani ya swali.

Miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York nchini Marekani, watafiti walitaka kulimaliza jambo ambalo nyinyi mnabishana na mama zenu kila jioni: mtu anaweza kweli kufanya kazi ya akili huku muziki unalia masikioni? Wakawakusanya wanafunzi wa kompyuta na kuwauliza nani hupenda kufanya kazi na muziki na nani hapendi. Yakapatikana makundi mawili. Kisha kila kundi likagawanywa nusu kwa nusu. Nusu wakaingia chumba kimya, nusu wakaingia chumba chenye hedifoni na muziki.

Mmeuona werevu wake? Wapenda muziki wote wangewekwa chumba kimoja, mwishowe tusingejua tofauti imeletwa na muziki au na watu wenyewe. Hapo kila chumba kilikuwa na mchanganyiko.

Wote walipewa kazi moja. Waandike programu kwa Fortran, lugha ya kompyuta iliyotolewa na IBM mwaka 1957, ambayo ingepokea namba, izipitishe kwenye mfululizo wa hatua, kisha itoe majibu. Nani alimaliza upesi? Nani alikosea kidogo? Vyumba vyote viwili vilitoka karibu sawa. Wapenda hedifoni, shangilieni, lakini msishangilie sana.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni 37. Sogezeni tarakimu zake nafasi mbili kushoto, mpate 3700. Gawanyeni kwa 100. Mmepata nini? 37, palepale mlipoanzia. Hatua walizopewa wale wanafunzi zilikuwa za namna hiyo, kama kumi na mbili hivi, moja inafanya, nyingine mbele ya safari inatengua. Ukizijumlisha zote, hazikubadili chochote: kila namba iliyoingia ilitoka vilevile ilivyoingia. Karatasi ya maelekezo haikusema neno kuhusu hilo. Mwenye kugundua angeweza kuzitupa hatua zote na kuandika mstari mmoja tu: ulichopokea, kitoe.

Baadhi waligundua, wengine hawakugundua. Na katika waliogundua, wengi mno walikuwa wametoka chumba kimya.

Kisa hiki kilisimuliwa na Tom DeMarco na Timothy Lister katika kitabu chao Peopleware cha mwaka 1987, na tangu hapo waandishi wa programu wamekuwa wakikirushiana. Wawili hao walieleza kwamba muziki huushughulisha upande wa kulia wa ubongo, ule unaoleta wazo la ghafla, kwa hiyo wazo linakosa nafasi. Maelezo yamenyooka kupita kiasi kwa ladha yangu. Ubongo haugawi kazi kwa usafi namna hiyo. Kisa chenyewe nakipenda, sababu yake naitafuta kwingine.

Jaribuni hili. Someni tarakimu hizi mara moja: 4 9 2 7 1 5 8. Fumbeni macho, mzishikilie kwa muda. Mnasikia nini? Kuna sauti ndani ya kichwa inayozirudia, nne, tisa, mbili, bila midomo kucheza. Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, waliandika kuhusu kumbukumbu hii fupi tunayofanyia kazi, na sauti hiyo ya ndani ni sehemu yake. Mwandishi wa programu huitumia kutwa nzima. Anajisemea: hii ikiwa kubwa kuliko ile, rudi juu, isipokuwa kubwa, endelea, na lile jina nililoliweka kule mwanzo bado lina thamani gani?

Sasa mwambieni ndugu yenu awashe wimbo wa bongo fleva mnaoujua mstari kwa mstari, kisha mrudie zoezi kwa tarakimu nyingine. Mwimbaji anaingia mlango uleule zinamopita tarakimu zenu. Mwaka 1989 Baddeley na mwenzake Pierre Salamé walionyesha kwamba nyimbo zenye maneno huvuruga kukumbuka mfuatano wa namba kuliko muziki wa ala tupu.

Najua kuna mtu hapo nyuma anajitetea: mimi nasikiliza rumba ya Kongo, na Kilingala sikijui. Pole. Mwaka 1976 Marekani, watu walipewa herufi za kukumbuka huku wakisomewa Kijerumani, lugha wasiyoielewa, na bado kumbukumbu yao ilishuka. Sikio la binadamu halingoji kuelewa ndipo lisikilize. Likisikia mtu anaongea, linageuka.

Basi wazee wetu walikuwa wajinga, waliofanya kazi wakiimba? Hapana. Darasani mmesoma kuhusu hodiya, nyimbo za kazi. Mmesoma wawe, za wakulima, na kimai, za mabaharia na wavuvi. Watazameni watu kumi na wawili wanaovuta juya kutoka baharini. Kila mmoja akivuta kwa wakati wake, wavu hauji. Kiongozi akitoa mstari na wenzake wakaitikia, mikono yote inajua pa kukaza na pa kulegeza, na kamba inasogea. Pale wimbo wenyewe ni kifaa cha kazi. Na kichwa hakidaiwi kitu kigumu, kwa hiyo sauti ya ndani iko huru kuimba.

Waingereza nao waliligundua hilo viwandani. Tarehe 23 Juni 1940, vita vikiwa vimepamba moto, BBC ilianzisha kipindi cha muziki cha kuwachangamsha wafanyakazi wa viwanda, nusu saa mara mbili kwa siku. Muziki ulichaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Kulikuwa na wimbo mmoja wa Kimarekani, Deep in the Heart of Texas, wenye sehemu ya kupiga makofi. Ukapigwa marufuku kwenye kipindi hicho. Mnadhani ulikuwa na matusi? Wala! Ilihofiwa kwamba ikifika sehemu ya makofi wafanyakazi wataacha kazi ili nao wapige, tena kwa vifaa vilivyomo mikononi. Fikirieni spana inavyotua juu ya mashine ya kutengeneza mabomu.

Kuandika programu hakufanani na kuvuta juya, ila pia si fumbo mwanzo hadi mwisho. Saa nyingi ni za kunakili, kupanga, kubadilisha majina, kungoja kompyuta ijaribu ulichoandika. Ndiyo maana utafiti wa Teresa Lesiuk, uliochapishwa mwaka 2005, haunishangazi. Aliwafuatilia waandishi wa programu 56 katika kampuni nne za Kanada kwa wiki tano, wakiwa kazini kwao hasa. Walisikiliza walichotaka, walipotaka. Kisha kwa muda muziki ukaondolewa. Ubora wa kazi ukashuka, muda wa kuimaliza ukarefuka, na furaha nayo ikapungua. Maana mtu mwenye moyo mkunjufu haogopi kujaribu njia ya pili, ya kwanza ikigoma.

Utasema Kanada inapingana na Cornell. Sidhani. Cornell ilitega fumbo moja na kutazama nani ataliona. Kanada ilitazama wiki nzima za kazi ya kawaida, pamoja na uchovu wake. Halafu kuna jambo la ofisi yenyewe. Ukikaa chumba kimoja na watu ishirini, huyu anaongea na mteja kwenye simu, yule anasimulia mechi ya jana, basi hedifoni zinakuokoa na maneno yao. DeMarco na Lister kisa chao walikielekeza huko hasa, kwa mabosi wanaonunua ofisi zenye kelele kisha kuwaambia vijana wazibe masikio kwa muziki. Walitaka vyumba vyenye milango inayofungika. Mimi nipo upande wao, ingawa najua wengi wenu mtasomea sebuleni, televisheni ikiwa imewashwa.

Kwa hiyo mkija kuniuliza mpige nini, nitawauliza mnafanya nini. Kunakili mafaili? Pigeni singeli mpaka meza itikisike. Mnatafuta kosa lililojificha tangu asubuhi, na kila kitu kinaonekana sawa ila jibu si sawa? Zimeni, hata kwa dakika kumi. Na kwa kazi ya katikati, Zanzibar imewaandalia kitu. Taarab ya kale, ile ya vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, hufunguliwa kwa bashraf: fidla, udi na ganuni vinafuatana, wala hakuna anayeimba. Wekeni bashraf na mwandike programu yenu kwa raha. Ikimalizika, mwimbaji anasogea kwenye maikrofoni. Kitufe cha kusimamisha kiwe karibu na kidole.