Safari ya Roma na Miguu Yetu



Waamini wanaojiandaa kwenda kuhiji Roma hutuuliza habari za chanjo na nguo za baridi. Sisi wauguzi huwauliza: je, mtakaa kitini kwa muda gani?

Kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hadi ule wa Fiumicino, Roma, ni kama kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka. Ndege kubwa huenda kilomita 850 hadi 900 kwa saa, hivyo mtu akipiga hesabu hupata saa saba. Lakini anayepitia Addis Ababa hutumia karibu saa tatu kufika huko, kisha saa sita na nusu hivi hadi Roma, mbali na kungoja uwanjani. Na aliyetoka Mwanza au Bukoba kwa basi amekwisha kukaa kutwa nzima kabla hata ya kuiona ndege. Kwa miguu yake, saa hizo zote hujumlishwa.

Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosaidia kusukuma damu irudi moyoni. Tukikaa bila kujongea, damu hutuama katika mishipa ya ndani na huweza kuganda. Bonge hilo likichomoka huweza kufika mapafuni na kuua. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya saa nne au zaidi, iwe ya ndege, basi, treni au gari, huongeza hatari hii karibu mara mbili. Tusitishane: ni kama msafiri mmoja katika 6,000. Lakini aliyewahi kuganda damu, aliyetoka kupasuliwa, mjamzito, mwenye saratani au mnene sana aonane na daktari kabla ya kukata tiketi. Vivyo hivyo mgonjwa wa moyo, wa mapafu au wa selimundu, maana hewa ya ndani ya ndege ni hafifu, kama ya huko Njombe au juu zaidi.

Safarini, kunja na kunjua vifundo vya miguu mara kwa mara, simama, tembea. Kunywa maji. Tunawajua kina bibi wanaoyakataa wakiogopa choo cha ndege. Hiyo safari ya chooni nayo ni dawa. Pombe na vidonge vya usingizi viacheni. Mwenye kisukari abebe insulini mkobani, kwani kwenye mizigo ya chini inaweza kuganda kwa baridi.

Hatari haiishi mkishuka. Huendelea kwa wiki nne hivi. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa na joto, msiuchue wala msiseme ni uchovu. Njooni hospitali siku hiyo hiyo, na mtueleze kwamba mlikuwa safarini. Kifua kikibana ghafla, pumzi ikikatika au mtu akikohoa damu, msingoje kuche.