Damu ya mpira na damu ya kupimwa

JUKWAANI Kaitaba, dogo akipiga chenga mbili tu, wazee wanaanza kuhesabu ukoo wake. Baba alikuwa winga, babu alikuwa kipa, basi yamekwisha: "Ana damu ya mpira huyo." Mifano ya kuwatetea ipo. Abedi Pele wa Ghana aliwazaa André na Jordan Ayew, na wote wakavaa jezi ya taifa.

Wazee wana nusu ya ukweli. Urefu na aina ya misuli, kwa sehemu kubwa, mtu anazaliwa navyo. Ila watoto wa Abedi walikuta pia mpira sebuleni na baba wa kuwasahihisha, na hapo kujua kipi kimetoka kwenye damu na kipi mazoezini ni ubishi usioisha.

Kuna kitu kingine kinachorithiwa bila ubishi, nacho Kanda ya Ziwa kimejaa: selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoita.

Kanuni yake ni ya shilingi ya refa kabla ya mechi. Kila mtu ana nakala mbili za maelekezo ya kutengeneza chembe nyekundu za damu, moja ya baba, moja ya mama. Mwenye nakala moja yenye kasoro huitwa mbebaji, na kwenye karatasi ya maabara huandikwa AS. Anakula, anacheza, anazeeka, pengine asijue kabisa. Wabebaji wawili wakioana, kila mmoja anarusha shilingi yake. Zikiangukia upande mbaya zote mbili, mtoto ni SS: mifupa inauma, damu inapungua, kulazwa hakuishi. Uwezekano huo ni mmoja kati ya minne. Miwili kati ya minne mtoto atakuwa mbebaji kama wazazi wake, na mmoja uliobaki hana kasoro kabisa. Nchini huzaliwa takriban watoto 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka.

Hapa ndipo wengi wanapopigwa tobo. Wamezaa watatu wazima, wanadhani hatari imepita. Wapi! Shilingi haikumbuki ilivyoanguka jana. Kila mimba ni kurusha upya. Na yule baba anayesema "kwetu hakuna ugonjwa huo, mama yake ndiye kaja nao" hana hoja, maana mtoto hawezi kuwa SS bila nakala ya baba.

Kwa nini kasoro hii haikupotea? Malaria. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wabebaji wana kinga dhidi ya malaria kali. Kwa watu wa Muleba, wilaya iliyosumbuliwa na malaria kiasi cha kufanyiwa utafiti wa vyandarua vya kisasa ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, hilo si jambo la vitabuni.

Sasa swali la kocha: mbebaji acheze? Acheze. Ryan Clark, aliyekuwa beki wa Pittsburgh Steelers katika mpira wa Kimarekani, ni mbebaji. Mwaka 2007 alicheza Denver, mji ulio juu sana ambako hewa ni nyepesi, akaugua hadi akatolewa bandama na kibofu cha nyongo. Akarudi uwanjani, na Februari 2009 akatwaa ubingwa. Januari 2012 timu ilipokwenda tena Denver, kocha Mike Tomlin alimwacha nje. Hakumfukuza kikosini, alimpumzisha mechi moja.

Kwa vijana wanaosaka nafasi ya Umisseta, hatari iko kwenye mbio kali za mfululizo bila kupumzika, hasa juani na bila maji. Mwenye mkazo wa kawaida wa misuli, ukimshika mguu ni mgumu kama jiwe. Mbebaji aliyezidiwa analegea, miguu inakataa, na ukimgusa msuli ni laini. Kocha asiyejua atamwita mvivu na kumwongezea raundi, na hilo ndilo kosa linaloweza kuua. Huyo anasimamishwa palepale, anapozwa, na asipopata nafuu haraka anakimbizwa hospitali.

Marekani, vyuo vikuu vya daraja la kwanza la michezo vilianza kudai kipimo hicho kwa wachezaji wapya mwaka 2010. Kinachohitajika ni damu kidogo tu, na majibu ya dogo mmoja yanawahusu pia wazazi wake, kaka zake na dada zake waliobaki nyumbani.