Spika za Gereji kwa Bei Nafuu: Mlipe Fundi Hatua kwa Hatua, Usije Ukalia Mwisho

Ukiingia gereji yoyote ya mtaani, kabla hujasikia nyundo utasikia muziki. Vijana wanafungua gearbox huku rumba inalia, mteja anangoja gari lake huku akitingisha kichwa. Muziki ni sehemu ya kazi. Shida ni kwamba spika za dukani nyingi hazikuumbwa kwa gereji: plastiki inapasuka, vumbi linaingia, na ukiongeza sauti kidogo tu zinaanza kukwaruza.

Ndiyo maana watu wengi huamua kutengenezewa. Fundi anakata mbao, anafunga wufa na twita, na kwa pesa ya kiasi unapata spika mbili ndogo za kuweka kwenye rafu ambazo zinaimba kweli. Lakini hapo ndipo malalamiko mengi tunayosikia yanapoanzia. Si sauti mbaya. Ni dipoziti iliyopotea.

Mmoja wa wateja wetu, mwenye gereji hapa Nairobi, alikuwa ameshachomeka mara moja. Mwaka jana alimtumia fundi shilingi 4,000 zote kwa mpigo. Fundi akasema "kesho," kesho ikawa wiki, na wiki ikawa simu isiyopatikana. Hizo pesa alikuwa amezichanga pamoja na vijana wake wanne, kila mmoja akatoa yake, na kwa miezi kadhaa hakuweza hata kutaja neno spika mbele yao. Aliporudi kujaribu tena, tulifuatana naye. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, jua unachotaka

Fundi mzuri atakuuliza maswali. Ukienda bila majibu, atakujengea anachojua yeye.

Spika ndogo ya rafu huwa na sehemu tatu: wufa ya besi na sauti za katikati, twita ya sauti nyembamba, na krosova inayogawa sauti ili kila moja ipate inayoiweza. Usikubali krosova iachwe ati kwa sababu ni gharama. Twita ikipelekewa besi inaungua. Hata ile krosova rahisi kabisa, kapasita moja kwenye waya wa twita, ni afadhali kuliko kukosa.

Mteja wetu alichagua wufa za inchi 5. Tulimwambia ukweli mapema: wufa ya inchi 5 haiwezi kutetemesha mabati kama ile ya matatu. Ukitaka hivyo, jenga subwoofer pembeni baadaye. Ila kwa kusikia maneno ya wimbo vizuri katikati ya kelele za gereji, inatosha.

Angalia pia nyuma ya amplifaya yako. Kama imeandikwa ohm 4 hadi 8, nunua wufa zilizo ndani ya kiwango hicho. Na usidanganyike na zile namba kubwa za wati zilizoandikwa PMPO. Hizo ni za kupamba karatasi ya boksi. Uliza wati za RMS, ambazo ni nguvu ambayo kifaa kinaweza kubeba kwa muda mrefu.

Hesabu ya mbao ni hesabu ya pesa

Hapa ndipo wengi wanalipa zaidi bila kujua. Maboksi mengi hujengwa kwa MDF ya milimita 18, kwa sababu ni nzito na haitetemeki ovyo. Bodi nzima ni futi 8 kwa 4. Je, spika mbili ndogo zinahitaji bodi nzima?

Tupige hesabu. Boksi letu ndani lilikuwa na upana wa sentimita 18, urefu wa 30 na kina cha 22. Ukizidisha unapata karibu lita 12 za hewa, kiasi kinachofaa wufa nyingi za inchi 5. Ukijumlisha vipande vyote vya maboksi mawili, unapata kama robo tu ya bodi. Robo! Kwa hivyo fundi akikwambia "mkubwa, leta ya bodi nzima," muulize robo tatu iliyobaki inaenda wapi. Watu wengi wanaouza mbao, pale Gikomba na kwingineko, watakuuzia kipande na kukukatia kwa mashine. Enda na vipimo vimeandikwa.

Gawanya malipo

Haya ndiyo matumizi ya mteja wetu. Ni ya kazi hii moja. Bei hubadilika kulingana na duka, aina ya wufa na ukali wako wa kubargain. Amplifaya alikuwa nayo tayari.

- Wufa 2, twita 2 na krosova 2: shilingi 4,600
- Vipande vya MDF na kukatiwa: shilingi 1,200
- Gundi, skrubu, sufu ya ndani, viunganishi vya waya na rangi: shilingi 900
- Kazi ya fundi: shilingi 3,000

Jumla ni shilingi 9,700. Sasa angalia alivyolipa. Zile 4,600 hazikupitia mkononi mwa fundi. Walienda pamoja Luthuli Avenue, fundi akachagua wufa, akazijaribu hapo hapo kaunta, na mteja akalipa kwa nambari ya tili ya duka. Vivyo hivyo kwa mbao. Fundi naye hakukasirika. Alisema hata yeye anapenda hivyo, kwa sababu hakuna mtu atakuja kumuuliza chenji.

Ya kazi waliigawa mara tatu: 1,000 ya kuanza, 1,000 maboksi yakishaunganishwa kabla ya rangi, na 1,000 ya mwisho baada ya kusikiliza. Kila hatua na pesa yake. Ukimlipa fundi yote mwanzoni, umemwondolea sababu ya kumaliza. Usipomlipa chochote, umemwambia afanye kazi na njaa. Yote mawili si haki.

Kama mmekubaliana utatuma na ya kutoa, semeni mapema. Ni kitu kidogo, lakini tumeona urafiki ukivunjika kwa sababu ya ada ya kutoa pesa.

Andika makubaliano kwa ujumbe

Huhitaji wakili. Ujumbe mfupi wa simu unatosha, mradi fundi aujibu. Mteja wetu aliandika hivi:

"Fundi, tumekubaliana spika 2 za MDF 18mm, wufa inchi 5, zikamilike Ijumaa. Kazi ni 3,000: elfu leo, elfu maboksi yakiwa tayari, elfu tukishajaribu. Vifaa nimenunua mimi. Ni sawa?"

Fundi akajibu: "Sawa kabisa boss." Hapo una tarehe, kiasi na neno lake, zote kwa simu yako. Usifute huo ujumbe, na usifute ujumbe wa malipo pia.

Ile siku karibu pesa iende

Jumatano asubuhi, mteja wetu akijua kwamba siku hiyo anapaswa kutuma elfu ya pili, simu ikaingia ujumbe kutoka nambari asiyoijua: "Ile pesa tuma kwa hii namba, ile ingine iko na shida." Kidole kilikuwa tayari kwa kitufe. Alitwambia baadaye kwamba alishaweka hata kiasi.

Kilichomwokoa ni jina. Kabla ya kuweka PIN, alisoma jina la mpokeaji kwenye skrini, na halikuwa la fundi. Akasitisha, akampigia fundi kwa nambari yake ya zamani. Fundi alikuwa karakana, mikono imejaa gundi, hata hajui kunaongelewa nini.

Matapeli hawa hawakujui wala hawajui habari za spika zako. Wanatupa ujumbe huo huo kwa watu wengi, wakitumaini kwamba mmoja wao leo ana deni la kulipa. Kwa hivyo shika haya:

- Soma jina la mpokeaji kila mara, hata kama unatuma kwa mtu uliyemtumia jana.
- Nambari ikibadilika, piga simu kwa ile ya zamani na usikie sauti.
- Ukituma kimakosa, ripoti kwetu mara moja, ukiwa na ule ujumbe wa malipo. Kila dakika ni muhimu. Mpokeaji akishatoa pesa, kuzipata tena ni vigumu sana, na hatutakuficha hilo.
- PIN yako ni yako. Hata sisi hatutawahi kukuuliza.

Kabla ya elfu ya mwisho: jaribu

Ijumaa jioni spika zilifika gereji, zimepakwa rangi nyeusi. Vijana wakaacha spana chini. Wimbo ukaanza, na... besi hakuna. Sauti nyembamba, kama redio ndani ya mkebe. Mteja wetu akatuangalia kwa lile jicho la mwaka jana.

Fundi hakubishana. Alichukua betri ndogo ya volti 1.5, akagusisha kidogo waya za spika moja, chanya kwa chanya. Wufa ikasogea nje. Akafanya vivyo hivyo kwa ya pili. Ikaingia ndani. Waya za wufa hiyo zilikuwa zimegeuzwa, kwa hivyo moja ilikuwa inasukuma hewa huku nyingine inavuta, na besi zinauana. Akafungua skrubu, akabadilisha waya, akafunga. Dakika tano. Wimbo ukarudiwa, na safari hii gitaa la besi likaingia kifuani.

Ndiyo sababu malipo ya mwisho hungoja majaribio. Si kwamba fundi ni mwizi. Kosa la waya linaweza kumpata yeyote, lakini ni rahisi zaidi kurekebishwa fundi akiwa bado hapo. Wewe ukijaribu zako, fanya hivi:

- Weka mkono kandokando ya viungo vya boksi muziki wa besi ukicheza. Hewa ikipenya mahali ambapo si tundu lake, gundi haikushika.
- Sikiliza spika moja moja, kisha zote mbili. Zote zikicheza na besi ikapungua, shuku waya zilizogeuzwa.
- Ongeza sauti polepole. Ikianza kukwaruza, rudi nyuma. Hapo ndipo mwisho wa mfumo wako.
- Kagua kingo za MDF. Lazima zipakwe rangi vizuri, kwa sababu MDF ikinywa maji inafura kama mkate, na gereji haikosi maji.

Wakazifunga ukutani, juu kuliko mahali pa kuoshea magari, zikiinamishwa kidogo ili twita ziangalie masikio ya watu. Wavu wa chuma mbele, maana spana huruka. Na sauti ikawekwa kwa kiasi: Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009, na jirani ana haki ya kulala. Kama muziki ni wa kuburudisha wateja, ulizia pia kuhusu leseni ya muziki kabla hujatembelewa.

Risiti ya mwisho

Mteja wetu alituma ile elfu ya mwisho akiwa amesimama mbele ya fundi. Simu mbili zikalia pamoja. Kisha akafanya jambo ambalo hatukumwambia: akafungua zile jumbe za malipo, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, akawaonyesha vijana wake. Shilingi 9,700, kila moja na mahali ilipoenda. Hakuna aliyesema kitu. Mdogo wao alinyoosha mkono tu, akaongeza sauti kidogo.

Kabla hujatuma dipoziti yako ijayo, iwe ya spika, sofa au geti, jiulize maswali matatu: Namlipa nani? Kwa hatua gani? Na jina kwenye skrini ni lake? Ukiwa na majibu, weka PIN.